"MPAKIENI NA MADAFU"?! Miye?! Huyu kiongozi wa msafara wa baskeli hana adabu hata ya kukopa

Mzee wa Kwerekwe

Jamani naandika mikono inatetemeka. Nipo Konde, nimekalia begi langu, chai imepoa sijaigusa. Mnamjua. Simtaji, uzi usije ukafungwa, lakini mnamjua: yule wa filimbi shingoni, anayevaa kaptura ya kubana mpaka wazee wa Chake wanageuza nyuso ukutani. Huyo huyo.

Leo tumetoka Mkoani alfajiri, safari ya kukikata kisiwa cha Pemba mpaka Kigomasha. Mtambile tukapita vizuri, Chake tukanywa chai kwa boflo na maharage. Mpaka hapo sina neno. Kisha bwana mkubwa akaamua tusishike barabara kubwa ya Konde, tupite njia ya zamani ya Wete, eti ina mandhari. Mandhari! Njia inapinda kila ukivuta pumzi. Ukimaliza bonde unakabidhiwa kilima, ukimaliza kilima bonde limekaa linakungoja. Kuna kilima kimoja pale, wallahi, hata mbuzi hutia nia kwanza.

Hapo ndipo nilipopata pancha. Tairi la nyuma. Kiraka ninacho, solusheni ninayo, pampu sina, kwa sababu pampu ya msafara mzima ni moja, ameifunga yeye kwenye baskeli yake, na yeye yuko mbele huko anapuliza filimbi. Nikakaa kando ya njia. Palikuwa na kina mama wanachambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku, majamvi yamefika mpaka ukingoni mwa lami. Nimewaamkia, wameitikia, heshima ipo.

Akarudi. Nikasema alhamdulillahi, pampu hiyo. Hata baskelini hakushuka! Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia, akamgeukia dereva wa pikapu ya mizigo, akasema kwa sauti ya kuadhinia: "Mpakieni na madafu."

Mpakieni. Na. Madafu.

Miye! Mtu mzima, nina wakwe! Asiseme "kaka pole", asiseme "apande gari apumzike". Mpakieni. Tena si "pamoja na wenzake", ni na madafu. Kina mama wakacheka mpaka ungo ukapinduka. Bibi mmoja, hana jino hata la dawa, akaongeza: "Na jamvi mtilieni, apate kulala."

Nikapakiwa. Kila kona dafu linanipiga la ubavu. Wete nimeipita chali, msitu wa Ngezi nimeuona matawi tu. Kufika Kigomasha, picha chini ya mnara wa taa, akasema wanaosimama ni waliofika kwa miguu yao. Mnara ule upo pale tangu 1900, haujamfukuza mtu, kanifukuza yeye. Basi, picha namsamehe. Lakini lile neno! Mbele ya kina mama! Mpakieni na madafu! Mchango nimetoa sawa na wenzangu, madafu yalitoa shilingi ngapi?

Pweza Mkavu

Mlima gani upo Pemba yakhe? Kilimanjaro iko bara.

Bint Jamvini

Kaka, miye nilikuwapo, nilikuwa nachambua karafuu. Tairi lile lilikuwa na upepo wake tele. Mdogo wangu alilibonyeza ulipokwenda kivulini.

Mzee wa Kwerekwe

Dada, mdogo wako ni fundi? Pancha za siku hizi zinatoa upepo polepole. Na hata kama lingekuwa na upepo wa dhoruba, ndiyo mtu apakiwe na madafu?

Bint Jamvini

Sijasema kitu kaka. Nimesema lilikuwa na upepo.

Kiti Kigumu

Nilikuwa kwenye msafara. Yote aliyosema kweli, ila kasahau kusema kwamba madafu yalikuwa kumi na mbili yalipoondoka Chake, Wete yakafika tisa, na nyuma kule hakuna aliyekaa nayo ila yeye.

Mzee wa Kwerekwe

Yalipasuka! Dereva anaendesha utadhani amebeba mchanga!

Pweza Mkavu

Yalipasuka yakaingia mdomoni. Subhanallah.

Ukuta wa Forodhani

Nyie chekeni tu, lakini huyo wa filimbi tabia yake ni hiyo hiyo. Mwaka jana Unguja, Nungwi kwenda Makunduchi, shemeji yangu kafungua kinywa kusema anasikia kiu, akaambiwa "meza mate, maji ni ya wanaoendesha". Na shemeji alikuwa anaendesha! Mnamjua.

Kiti Kigumu

Huyo mwengine. Wa Nungwi ni mwenye ndevu.

Ukuta wa Forodhani

Filimbi si moja?

Karafuu Daraja la Kwanza

Nina swali kwa msafara wote. Nani aliyepita na tairi juu ya jamvi la shangazi yangu? Mstari wa baskeli umeonekana toka mwanzo wa jamvi mpaka mwisho. Watu wanapanda mikarafuu, wanahatarisha mbavu, wanachuma, wanachambua usiku kwa tochi, wanaanika, wanakimbizana na mvua, halafu unakuja wewe na kofia yako ngumu unasaga. Karafuu iliyovunjika kichwa ukifika kituoni kuuza unapangiwa bei ya chini. Nani atamlipa?

Kiti Kigumu

Lami ni ya baskeli, shangazi aanike uani.

Karafuu Daraja la Kwanza

Uani kwenu kuna jua? Pemba nzima inaanika barabarani toka babu zetu, wewe umekuja na boti ya juzi unatupangia.

Mzee wa Kwerekwe

Jamani turudi kwenye mada. Mtu kapakiwa na madafu.

Bandari Kavu

Kwa kuwa boti imetajwa. Hivi kuna aliyepandisha baskeli kutoka Malindi ya Unguja kuja Mkoani karibuni? Nimetozwa pesa ya baskeli, nikatozwa pesa ya kuinyanyua baskeli, kufika Mkoani kijana kaikamata hataki kuiachia mpaka nimpe pesa ya kuishusha. Nikamwambia ina magurudumu, itashuka yenyewe. Akanijibu: "Basi iite, ije."

Pweza Mkavu

😂😂😂 Iite, ije!

Ukuta wa Forodhani

Hiyo kidogo. Miye nilitozwa na mtoto wangu wa miezi minne nikaulizwa analala au anakaa.

Mzee wa Kwerekwe

Nyie mnalia na boti, mie nimeambiwa mbele ya kina mama MPAKIENI

Bint Jamvini

Kaka, bibi anakuulizia kama ulilala.

Kima Punju

Wapemba mnajisifu kwa vilima. Njooni Unguja muendeshe kusini, magari ya mchanga yanakusukuma majanini, halafu pale Jozani kuna matuta yanakung'oa meno.

Karafuu Daraja la Kwanza

Matuta ya Jozani yamewekwa kwa ajili ya kima punju wavuke salama. Kwa jina lako ulipaswa kushukuru.

Kima Punju

Nimeshukuru, lakini mwili wangu wa nyuma haujashukuru.

Shuka la Harusi

Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye msafara ule, na sijasikia mtu akinisemea. Nimevaa suruali pana, juu baibui nimeifunga vizuri, nimewapita wanaume wote kile kilima, wakiwemo nyie mnaochekana hapa. Kila kijiji: "Mumeo anajua?" Wete mzee mmoja kanifuata na vespa mpaka nje ya mji, anataka tu kujua mume ni wa wapi. Mwishowe nikamwambia yuko mbele, ndiye yule wa filimbi.

Kiti Kigumu

Kumbe ndiyo maana mzee alimsalimia kwa heshima vile!

Ukuta wa Forodhani

Sasa hiyo halua mliyopiga picha Wete ni ya duka gani? Ile nyekundu au nyeusi?

Pweza Mkavu

Halua ya Wete usiulize rangi, uliza imepikwa lini.

Bandari Kavu

Wa boti hamjanijibu. Kurudi Unguja nikiifungua magurudumu nikayatia gunia, watatoza moja au mbili?

Kima Punju

Watatoza gunia.

Bandari Kavu

Basi nauza. Mtumba wa Japani, gia zote zinaingia isipokuwa ya tatu, kikapu cha mbele kipo, kengele inalia. Nipo Mkoani mpaka boti ya asubuhi.

Shuka la Harusi

Karia ya nyuma ipo?

Bandari Kavu

Ipo, haina springi.

Shuka la Harusi

Punguza elfu kumi, nakuja na daladala ya mwisho.