Kikausha taulo cha umeme kwa bafu lisilo na dirisha la nje: ninunue cha aina gani?

BafuUpanga

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua vifaa vya bafuni. Tuko watu watatu kwenye flati Upanga, ghorofa ya tatu. Bafu lina urefu wa mita 2.2, upana mita 1.6, dari mita 2.6, na kidirisha chake kinatazama korido. Masika hii taulo hazikauki kabisa. Ukilitundika asubuhi, jioni bado bichi, na siku ya tatu linatoa uvundo hata kama lilifuliwa vizuri. Balkoni nayo mvua inapiga mpaka ndani.

Nimeona Kariakoo vile vitundikio vya mabomba ya kung'aa vinavyopata moto kwa umeme. Bei zinapishana mara tatu kwa vitu ambavyo kwa macho ni kimoja, na kila muuzaji anasema chake ni "stenles orijino". Nichague chuma gani, wati ngapi, kitakula uniti ngapi za LUKU? Na ni salama kweli kwenye bafu ambalo shawa haina kizuizi chochote, maji yanaruka mpaka kwenye sinki?

NyayaNaBreka

Mkuu, naanzia swali lako la mwisho, maana jibu lake likiwa baya hayo mengine hayana kazi.

Kabla hujatoa hela dukani, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime erthi ya nyumba kwa mita. Usikubali ile ya kushika taa, waya mmoja kwenye laini na mwingine kwenye erthi. Taa ndogo inawaka hata erthi ikiwa dhaifu, na si ajabu kwenye jengo la zamani kukuta waya wa erthi umeishia ndani ya boksi la soketi, haukuungwa popote.

Kikausha taulo ni bomba la chuma ambalo mtu analishika akiwa na mikono mibichi, peku, juu ya sakafu yenye maji. Elementi (waya wa moto wa ndani) ikipasuka na kugusa bomba, erthi nzuri inaifanya RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, ikate hapo hapo, kabla ya mtu kugusa. Bila erthi, RCD haioni kitu mpaka umeme upite kwenye mwili wa mtu. Itakata, ndiyo, lakini ameshapigwa shoti na huenda ameshaanguka. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, erthi na RCD ya miliampia 30. Kama kwenye mein swichi yako kuna ya miliampia 100, hiyo ni kinga ya moto, haikulindi wewe. Bonyeza kitufe chenye herufi T uone kama inakata. Isipokata, badilisha kabla ya lolote.

Mahali pa kufunga: kwa bafu lisilo na beseni la shawa, viwango vya kimataifa vinahesabu mita 1.2 kutoka bomba la shawa kuzunguka pande zote, hadi kimo cha mita 2.25, kuwa ni eneo la maji. Kwa vipimo vyako hiyo ni zaidi ya nusu ya bafu. Funga upande wa mlango, nje ya hiyo mita 1.2, na hata huko nunua chenye alama ya IPX4 (kinastahimili maji ya kurukiwa) au zaidi. Soketi usiweke ndani kabisa. BS 7671, kiwango cha Uingereza ambacho mafundi wetu wengi wamekifuata, tangu 2022 kinataka soketi iwe angalau mita 2.5 kutoka mpaka wa eneo la kuogea, na bafu lako lote halina nafasi hiyo. Waya wa milimita 1.5 utoke kwenye swichi yenye fyuzi ya ampia 3 iliyofungwa nje, koridoni, uje mpaka kwenye kikausha ndani ya kondui, yaani bomba la kupitishia waya.

Kuna njia ya mkato ya kuunga kwenye laini ya hita ya shawa kwa sababu iko karibu. Mkatalie fundi anayetaka hivyo. Breka ya hita huwa kubwa, hata ya ampia 32, na waya unaotoka kwenye kikausha ni mwembamba, milimita 0.75 hivi. Shoti ikitokea, ule waya unaweza kuungua kabla breka haijashtuka.

ChumaChaPwani

Nyongeza upande wa chuma, maana hapo ndipo hizo bei zinapopishana.

Vinavyouzwa kama stenles ni hasa aina tatu. 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. 201 wamepunguza nikeli hadi kati ya 3.5 na 5.5, wakajazia manganizi kwa sababu ni ya bei ndogo. 316 imeongezwa molibidenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Zikiwa mpya na zimesuguliwa, zote tatu zinang'aa sawa. Tofauti inaanza kuonekana kwenye kiungo, pale bomba la mlalo lilipochomewa kwenye bomba la wima: 201 inatoa vidoa vya rangi ya chai kwenye mstari wa kuchomea, kisha vinatambaa. Kwa hewa yetu ya bahari na mvuke wa kila siku haichukui muda mrefu.

Sumaku inasaidia nusu tu. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, au stenles ya daraja la chini; achana nacho, kromu ikibanduka kutu inaanzia chini yake. Isiponasa, bado hujajua kama ni 201 au 304, maana zote hazinasi. Kuna dawa ya matone ya kupimia stenles, inatumika na betri ndogo ya volti 9. Tone likigeuka jekundu, hiyo manganizi ni nyingi, ni 201. Mwombe muuzaji upime nyuma, sehemu inayoelekea ukutani. Anayekataa kabisa amekujibu.

Upanga 304 inatosha. Ningekuwa nashauri mtu wa Msasani au Kigamboni mwenye nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, ningesema 316, au aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga.

Halafu mwambie muuzaji akiwashe pale pale dukani, usimame dakika 20. Pitisha kiganja bomba moja moja, kuanzia la chini. Kwenye vile vya waya mkavu ndani (waya wa moto, bila maji), viwanda vingine vinapitisha waya kwenye mabomba machache tu na mengine ni mapambo. Ukikuta mawili ya juu ya baridi, umenunua kitundikio cha kawaida kwa bei ya umeme. Angalia pia nafasi kati ya bomba na bomba: chini ya sentimita 10 taulo nene halipiti bila kubanana. Na kibandiko cha nyuma kisome volti 220–240, hezi 50. Kilichotengenezewa soko la Marekani, volti 120, ukikichomeka kwenye 230 kinavuta karibu mara 3.7 ya wati zake. Hakimalizi siku.

HewaKwanza

Wakuu, mimi napingana kidogo na mwelekeo wa mada. Kwa bafu lisilo na dirisha la nje, kitu cha kwanza ni feni ya kutoa hewa. Kikausha taulo hakiondoi maji, kinayahamisha kutoka kwenye taulo kwenda kwenye hewa ya bafu. Hewa hiyo isipotoka, maji yanarudi ukutani, kwenye dari na kwenye taulo hilo hilo ukizima. Ndiyo maana watu wanafunga kikausha kizuri kisha dari inaota ukungu mweusi.

Bafu lako ni mita za ujazo 9 na kidogo. Feni ya inchi 4 inayotoa mita za ujazo 80 kwa saa inabadilisha hewa yote mara nane au tisa kwa saa, inakutosha. Bomba lake lifike nje ya jengo. Likiishia juu ya siling bodi umehamisha ukungu tu. Na acha upenyo wa sentimita 1 hadi 2 chini ya mlango, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia.

Feni na taulo nyepesi zinaweza kukumalizia tatizo bila kikausha. Taulo la gramu 400 kwa mita ya mraba linashika maji kidogo kuliko la 700, na kikoi kinakauka kabla ya yote mawili.

NyayaNaBreka

Kwa feni nakubali mia kwa mia. Ila kwa mwezi wa nne feni peke yake inavuta hewa ya korido ambayo nayo imelowa. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 90 karibu haina nafasi ya kubeba maji zaidi. Hewa hiyo hiyo ikipashwa ikafika nyuzi 40, unyevu wake unashuka mpaka asilimia 39 hivi, na hapo ndipo inanyonya taulo. Kikausha kinakausha, feni inatoa. Vifanye kazi pamoja.

Wati sasa. Taulo la sentimita 70 kwa 140 lenye gramu 500 kwa mita ya mraba lina uzito wa karibu nusu kilo likiwa kavu. Tuseme limebeba gramu 150 za maji baada ya kuoga. Kugeuza gramu 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji jouli 2,400 hivi, kwa hiyo jumla ni 360,000, sawa na wati 100 kwa saa moja kama moto wote ungeingia kwenye taulo. Hauingii wote, mwingine unapotea hewani na ukutani. Kadiria saa mbili hadi tatu kwa taulo moja. Kwa watu watatu tafuta cha wati 100 hadi 150 chenye upana wa kutosha taulo zote kukaa bila kulaliana. Taulo lililokunjwa mara nne linakauka nje, katikati linabaki bichi, na uvundo unatokea pale katikati.

LUKU: wati 100 kwa saa 4 kwa siku ni uniti 0.4, mwezi uniti 12. Tukichukua shilingi 350 kwa uniti ni 4,200. Ukikiacha kinawaka usiku na mchana ni uniti 72 kwa mwezi, shilingi 25,200. Kama mita yako iko kwenye tarifu ya chini ya uniti 75, hizo peke yake zinakumalizia karibu kiwango chote. Kwa hiyo taima ni lazima. Chukua ya kuzungusha kwa mkono, ifungwe nje pamoja na swichi. Vioo vya kugusa kwenye kikausha chenyewe vinaingia mvuke, na vingi umeme ukikatika vinasahau mpangilio, ukirudi vinabaki vimezima.

BafuUpanga

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Fundi anakuja Jumamosi kupima erthi, na feni naiweka kwanza. Swali la ziada: kuna mtu anauza kikausha taulo cha mitumba ya kontena kutoka Uingereza, kikubwa, kizito, bei nusu. Hakina waya, kina matundu mawili yenye nyuzi za skrubu chini. Anasema fundi ataweka umeme.

ChumaChaPwani

Hicho ni cha kupitisha maji ya moto ya boila, mkuu, ndiyo maana kina matundu mawili. Kinaweza kuwekewa elementi ya umeme, ila kazi yake ni ndefu. Tundu moja linaingia elementi ya nusu inchi, lazima iwe upande wa chini, lingine linazibwa. Ndani unajaza maji yaliyochanganywa na glaikoli na dawa ya kuzuia kutu, na juu unaacha nafasi ya hewa kama asilimia 10, kwa sababu maji yakipata moto yanatanuka. Kikijazwa mpaka pomoni na kuzibwa, kitavuja kwenye viungo au kupasuka. Na vingi vya aina hiyo ni chuma cha kawaida chenye kromu. Kiache.

Siku ya kufunga, kama marumaru zako ni posileni, biti iwe ya almasi, drili bila nyundo, mwendo mdogo, na maji yadondoke kwenye tundu muda wote. Biti ya milimita 8, skrubu za stenles, na jaza silikoni ndani ya tundu kabla ya kuingiza plagi ya plastiki ili maji yasipite nyuma ya marumaru. Usitoboe kwenye mstari ulionyooka juu au chini ya bomba la maji au swichi, kuna mabomba na kondui humo. Bomba la chini la kikausha liwe sentimita 90 hivi kutoka sakafuni, taulo lililokunjwa mara moja lining'inie bila kugusa chini. Kulisafisha ni kitambaa kibichi na sabuni ya maji. Jiki na dawa ya choo yenye asidi zisifike hapo hata kwa mvuke. Klorini inaitoboa hata 304.

BafuUpanga

Nimeelewa. Nitachukua 304, wati 120, waya mkavu, taima nje. Nikipata majibu ya erthi nitayaweka hapa mnisomee.