Hati ya mradi wa kuvuna maji ya mvua bwenini: niandike nini, na nani asaini?

Kihesa_Juu
Kamwene wakuu. Chuo chetu hapa Iringa kinataka kuvuna maji ya mvua kwenye bweni moja, kikiridhika kiendelee na mengine. Nimeagizwa kuandaa hati ya mradi ipelekwe menejimenti. Bweni lina wanafunzi 200, paa ni mita 40 kwa 12, na fedha inatosha simtanki 5 za lita 10,000. Lengo nimeandika "kumaliza tatizo la maji bwenini". Rasimu imefika kurasa 19 na vihatarishi bado sijavigusa. Nipunguze wapi? Na saini ziwe za nani?

Mafinga_Mjini
Ndugu yangu, kurasa 19 ni andiko. Andiko linaomba fedha. Hati inampa mtu ruhusa ya kutumia fedha na watu wa chuo kwa kazi fulani, na inasema aishie wapi. Kurasa 3 au 4 zinatosha. Historia ya uhaba wa maji na michoro yote ihamie kwenye viambatisho.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo lengo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako ni mita za mraba 480 (pima kivuli cha paa chini, usipime mteremko wa bati). Ukichukua mvua ya milimita 600 kwa msimu na kuhesabu kwamba asilimia 20 inapotea, unapata lita 230,400. Wanafunzi 200 kwa lita 10 kila mmoja ni lita 2,000 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 153, kwa hiyo kinahitaji lita 306,000. Hata ungehifadhi kila tone la msimu mzima, hayatoshi. Na wewe una nafasi ya lita 50,000 tu: mvua ikikatika matangi yakiwa yamejaa, una siku 25.

Ukipeleka "kumaliza tatizo", mwezi Julai wanafunzi watabeba ndoo na mradi utaitwa umefeli, ingawa kila kitu kimejengwa sawasawa. Andika hivi: "Kupatia vyoo na sehemu ya kufulia hadi lita 2,000 kwa siku wakati wa mvua kadiri inavyonyesha, na kwa siku 25 baada ya mvua kukatika matangi yakiwa yamejaa."

Uyole_Darajani
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi naongeza mipaka, maana ndiyo inayorukwa. Andika vilivyomo: mifereji ya paa, chujio, chombo cha kumwaga maji ya kwanza, vitako vya zege, simtanki 5, bomba hadi vyooni na kufulia. Kisha visivyomo, kwa majina: maji ya kunywa, pampu, kubadili bati, mabweni mengine. Usipoviandika, kikao cha tatu mtu atauliza pampu iko wapi, na fedha yake itachomolewa kwenye zege.

Zege lenyewe lisiguswe. Simtanki ya lita 10,000 ikijaa ni zaidi ya tani 10. Kitako kikikaa juu ya udongo wa kujazia usioshindiliwa, kinazama upande mmoja na bomba la kutolea maji linakatika pale linapoingia kwenye tangi. Hicho ndicho kihatarishi cha kwanza kuandika. Cha pili ni vumbi la kiangazi: mwaga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 240 za mwanzo, la sivyo tope lote linaingia tangini.

Saini ni mbili. Anayesimamia kasma (fungu la bajeti) itakayolipa, mara nyingi Naibu Makamu Mkuu wa Chuo wa mipango, fedha na utawala, na msimamizi wa mradi. Idara ya Miliki (inayotunza majengo), kitengo cha ununuzi na serikali ya wanafunzi wasomewe rasimu mapema na maoni yao yaingizwe. Ukiweka saini 7, faili litazunguka ofisi hadi ofisi, na siku ya matatizo hakuna atakayejua nani anaamua.

Kihesa_Juu
Asanteni sana. Ratiba nimeweka kuanza 1 Julai, kumaliza Desemba. Iko sawa?

Mafinga_Mjini
Hapana. 1 Julai mwaka wa fedha unafunguka, lakini tangazo la zabuni kwenye NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao), tathmini na mkataba vinakula wiki nyingi. Mahitaji na vipimo viwe tayari Mei. Kisha weka tarehe moja isiyosogezwa: mifereji na vitako vikamilike 31 Oktoba. Mkifika Januari bado mtapata nusu ya msimu. Mkifika Mei, matangi yatakaa matupu hadi mvua za Novemba au Desemba.

Uyole_Darajani
Na kabla hujapeleka, ongeza sentensi moja ya makabidhiano: Idara ya Miliki inapokea mfumo, inasafisha mifereji kila Oktoba na tena katikati ya msimu, kwa fedha za bajeti yake ya kawaida. Mkuu wa idara aikubali kwa barua, uiambatishe.