Nani aliwaambia trakiboli ni ya ofisini tu? Wachezaji wa gemu tumechoka!

Wakuu, leo niacheni niseme, maana jambo hili limenikaa kooni.

Nacheza gemu za kufyatua risasi kwa trakiboli, kile kifaa kinachotulia palepale mezani ukizungusha gololi kwa vidole au dole gumba. Nilihamia huko kwa sababu ya kifundo cha mkono. Kuburuza kipanya usiku kucha kulikuwa kunaniletea ganzi mpaka vidoleni. Kwenye gololi mkono umetulia, nafuu nimeipata. Meza yangu nayo ni ndogo, kibodi imeshakula nafasi yote. Na ukipigwa kutoka nyuma kwenye Counter-Strike, unaisukuma gololi mara moja, inazunguka, unaikamata adui akiwa mbele yako. Nani anasema hiki si kifaa cha gemu?

Wanaosema hivyo ni watengenezaji wenyewe, kwa vitendo vyao. Vipanya vya gemu siku hizi vinatuma taarifa kwa kompyuta mara 1,000 kwa sekunde, vingine vimefika 8,000. Trakiboli nyingi madukani bado ziko 125! Yaani milisekunde 8 kati ya taarifa moja na nyingine, wakati mwenzako anasubiri 1. Kwenye skrini ya 144 Hz picha inabadilika kila baada ya milisekunde 7 hivi, kwa hiyo kuna picha zinapita bila mkono wako kusikika kabisa. Halafu ukifa unaambiwa hujui kulenga.

Juzi nimenunua moja mtandaoni, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya gemu. Nikapima: 125. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu, "Boss, hiyo ina taa za rangi." Taa! Nimetoa hela yangu nipate kasi, mtu ananielezea taa. Huo ni wizi, na sitaupamba kwa jina jingine.

Tatizo la pili ndilo linaniumiza zaidi. Gololi inakaa juu ya vinundu vitatu vidogo. Vikiwa vya hovyo, vumbi letu la Dar na jasho la vidole vinatosha kuviharibu. Unataka kusogeza kidogo tu ulenge kichwa, gololi inagoma. Ukiongeza nguvu, inaruka na kukipita kichwa. Anayejaza Excel hatagundua hata mwaka mzima, na kwa kuwa wanamtengenezea yeye, hakuna anayejali. Unabaki kuing'oa gololi na kusafisha kila mara, katikati ya mechi.

Wasituambie eti haiwezekani. Ploopy ya Kanada wametoa michoro na programu za trakiboli zao wazi, mtu anaweza kuchapa kasha lake la nje kwa printa ya 3D. Kikundi kidogo kinathubutu, makampuni makubwa yanashindwa nini? Microsoft walikuwa na Trackball Explorer, wakaacha kuitengeneza, na watu wakabaki kugombea zilizotumika kwa bei za kutisha. Wateja tupo.

Na gemu hazikuanza jana kuchezwa kwa gololi. Ralph Benjamin aliibuni trakiboli Uingereza mwaka 1946 kwa ajili ya rada za jeshi la majini, miaka mingi kabla Douglas Engelbart hajaonyesha kipanya chake hadharani 1968. Kampuni ya Atari waliiweka kwenye mashine za gemu za Missile Command mwaka 1980 na Centipede 1981, wakati watu wengi duniani hawajawahi kushika kipanya. Leo mtu anaitazama yangu anauliza kama ni kifaa cha wagonjwa.

Ninachotaka kiandikwe kwenye boksi: inatuma taarifa mara ngapi kwa sekunde, na vile vinundu vinabadilishika au la. Muuzaji asiyejua hiyo namba aondoe neno gemu kwenye tangazo lake.

Tafadhali msinijibu "rudi kwenye kipanya". Mkono ni wangu, ganzi naijua mimi.

Halafu mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto, na karibu zote za dole gumba zimefinyangwa kwa mkono wa kulia. Mwenye ya kushoto inayofika 1,000, aweke picha na bei hapa.