Mdogo wangu ana keratokonasi, je, vitamini zitasaidia?

KakaMkubwa: Habari wakuu. Mdogo wangu ana miaka 19, ameambiwa ana keratokonasi (konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inakonda na kuchomoza), jicho la kulia ndilo limezidi. Daktari anataka afanyiwe tiba ya mionzi ya kukaza konea. Sasa kuna mtu anatuambia chanzo ni seli za konea kushindwa kutumia sukari na oksijeni sawasawa, kwa hiyo ameze kwanza vitamini kwa miezi 6. Mama ameshakubali. Mimi naogopa kupoteza muda. Ni kweli konea yenye ugonjwa inatofautiana hivyo na nzima?

FundiMiwani: Pole sana mkuu. Kwenye maelezo ana ukweli kiasi, ingawa haijathibitishwa kuwa hicho ndicho chanzo; kwenye dawa ndipo alipopotea.

Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi, glukosi inatoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Hata kwa mtu mwenye afya, sehemu kubwa ya hiyo glukosi huishia kuwa laktiki, yaani huvunjwa bila kutumia oksijeni. Kwenye keratokonasi, tishu zilizotolewa wakati wa upandikizaji wa konea zimeonyesha mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizoharibika, kemikali haribifu zitokanazo na oksijeni nyingi kupita kiasi, na vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni, protini inayoipa konea uimara. Kolajeni ikilegea, konea inakonda na kuchomoza. Ila hakuna kidonge kilichothibitishwa kuusimamisha ugonjwa huu, na kwa umri wake huwa unakwenda mbio.

Mpwa: Shangazi yangu naye aliambiwa habari za seli kukosa nguvu, lakini wake ni ugonjwa wa Fuchs. Akiamka anaona ukungu, mchana unapungua. Ni yaleyale?

FundiMiwani: Hapana. Kwa shangazi tatizo liko safu ya ndani kabisa, ile inayosukuma maji nje ya konea saa zote kwa kutumia nishati. Seli zake zikifa, mwili haujazi pengo kwa seli mpya. Usiku kope zimefunga, oksijeni inapungua na machozi hayakauki, basi konea inavimba maji. Tiba zake ni nyingine kabisa, msichanganye.

Jua_la_Asubuhi: Anafikicha macho? AACHE KABISA, leo hii. Kama ni mzio unaomwasha, utibiwe.

KakaMkubwa: Anafikicha sana, hasa usiku. Nitamwambia. Mama nimweleze vipi?

FundiMiwani: Mwambie vitamini atapata. Tiba ile hutumia riboflavini, yaani vitamini B2, ila hudondoshwa kwenye jicho kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, na nyuzi za kolajeni zinashikamana. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, miaka ya 1990. Lengo lake ni kuzuia isizidi, miwani au lenzi huenda akazihitaji bado. Unene wa konea ni ngapi?

KakaMkubwa: Karatasi imeandika mikroni 455 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) jicho la kulia.

FundiMiwani: Basi msingoje miezi 6. Hiyo 455 imehesabu na ngozi ya juu, ambayo ni kama mikroni 50 na kwa njia ya kawaida huondolewa kabla ya matone. Kinachobaki kinatakiwa kisipungue 400. Mko karibu mno na mpaka. Ukivukwa kuna mbinu za konea nyembamba, lakini ni bora msifike huko. Pigeni simu kesho muombe tarehe ya karibu, na jicho la kushoto lipimwe upya siku hiyohiyo.

KakaMkubwa: Nimemsomea mama hii yote. Kesho asubuhi tunapiga.