Mkwea miti wangu amegoma kupanda juu ya mkuyu. Nimwondoe au nimvumilie?

Kivuli cha Jiwe (mleta uzi)
Wakuu, mwadila. Naomba ushauri wa haraka, Jumamosi hiyo inakuja na usingizi sina.

Mimi ni msimamizi wa vibarua 11 hapa Mwanza. Tuko chini ya mkandarasi mwenye tenda ya kufyeka nyasi, kupogoa miti ya barabarani na kutunza bustani. Cheo chenyewe kidogo, ila nikisema leo tunaanzia Nyegezi, watu wanapanda kirikuu tunaondoka.

Kuna mzee mmoja, tumwite Mzee M. Ndiye mpandaji wetu. Juu ya mti anatembea kama yuko sebuleni kwake. Nimemkuta kazini, kanizidi miaka karibu 20, vijana wanamwita Babu. Wiki iliyopita nilimwonyesha mkuyu mkubwa karibu na ziwa, nikamwambia huu unashuka. Akauzunguka. Akagonga shina kwa mgongo wa panga, akatega sikio, akagonga tena upande wa pili. Halafu akarudi kwenye kirikuu, akafungua kontena lake la ugali na dagaa, akaanza kula. Saa nne asubuhi, mbele ya vijana wote!

Nikimwacha, kesho nani atanisikiliza? Nikimwondoa, nitaonekana sina adabu kwa wakubwa. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Busara tafadhali, matusi hapana.

Sato Mkavu
Ngoja waje wataalamu. Nimevuta kiti.

Mama Dagaa
Mwanangu, mtu mzima hagombezwi mbele ya watoto. Mvute pembeni, muulize taratibu. Kwetu Ukerewe mume wa shangazi yangu aliung'ang'ania mwembe wa uani, anataka mbao za kitanda. Baba akamwambia usiukate leo, upepo wa ziwa umegeuka. Akamwona mzee mwoga. Mwembe ukaenda ulikotaka wenyewe, ukalalia jiko, na jikoni kulikuwa na magunia mawili ya dagaa wa shangazi. Kitanda hakikupatikana, na ndoa tangu siku ile ikawa ya kusalimiana tu. Shangazi yu hai mpaka leo, ukimtajia mwembe anahama chumba.

Fundi Chenso
Mkuu, nimepanda miti miaka mingi, nina kovu la pajani la kukuonyesha. Alipogonga, mti ulijibuje? Mti mzima ukiugonga unajibu mfupi, "ko". Ulioliwa ndani unavuma kama debe tupu. Na Mwanza yetu hii chini ni mawe, mizizi ikishuka kidogo inakutana na jabali, inalala pembeni. Mti unaonekana jitu, kumbe umeshikilia ngozi tu.

Nijibu matatu. Kuna waya wa umeme? Mti una alama ya rangi kwamba umeidhinishwa kukatwa? Na mzee alisema nini? Umetuambia alikula, hujatuambia alisema nini.

Kivuli cha Jiwe
Waya upo, ila upande mmoja tu. Alisema, "Huu sipandi, na wewe unajua." Basi.

Fundi Chenso
Unajua nini?

Nyangumi wa Nchi Kavu
Mikuyu ina wenyewe bana. Mzee kapiga hodi kwa panga, kaitikiwa "karibu", kaona bora akale ugali wake.

Mzee wa Buhongwa
Vijana wa siku hizi mnajua kukata tu. Zamani ukitoka Mkuyuni kwa miguu mpaka mjini unapata kivuli, sasa jua linakupiga kutoka juu, na mawe yanakuchoma kutoka chini. Mlipanda mingapi kabla ya kutaka kukata huo mmoja? Hata jina la Mkuyuni lenyewe mmelisahau. Nyie ndio mnaoleta ukame.

Fundi Chenso
Mleta uzi, nimekuuliza. Unajua nini? Na alama ya rangi hujajibu.

Kivuli cha Jiwe
Haya. Alama haina. Kwenye orodha ya mwezi huu haumo. Na juu kuna viota vya kongoti, kama sita hivi, vina makinda.

Lakini tuongee ukweli, kongoti si ndege wa kulilia. Ni wa majalalani, ananuka, akishuka mbele ya mtoto anamzidi urefu. Na mti kweli una uozo, hata mzee ameusikia, kwa hiyo ungekuja kuingia kwenye orodha tu. Kuni zenyewe zimeshapata mteja, mtu wa tanuri la matofali katoa kishika uchumba cha 350,000. Barua ya kumwondoa mzee nimeshaiandika, ninayo mfukoni tangu Jumatatu. Nilichouliza mimi ni habari ya nidhamu, mnanipeleka kwenye ndege.

Nyangumi wa Nchi Kavu
Kongoti namheshimu. Jua likimchoma anajinyea miguuni apoe. Afisa gani wa serikali angejishusha hivyo mbele ya wananchi?

Wakili wa Mtaani
Mleta uzi, hiyo barua iache hapohapo mfukoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Mtu uliyemkuta kazini, anayelipwa na mkandarasi yuleyule mwaka hadi mwaka, usimwite kibarua wa leo kwa leo ukadhani umemaliza. Ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ataulizwa swali moja tu: uligoma kufanya nini? Akijibu "kuangusha mti usioidhinishwa, wenye makinda ya ndege wa porini", utaulizwa wewe. Ndege hao wana sheria yao pia, ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kuvunja viota ukiwa na chenso ya tenda ya umma, sijui utajiteteaje.

Kichwa Ngumu
Wakuu mnapoteza muda, hii chai. Tena tangawizi imezidi.

Mimi nimekulia Igoma, nimechoma matofali miaka sita. Mkuyu ukiukata unatoa maziwa, mwili wote maji. Ukauweke kwenye tanuri uone: moshi mpaka majirani wanahama, moto hakuna. Mchoma matofali anataka mwembe, au mti wowote mgumu. Atoe laki tatu na nusu kwa mkuyu uliosimama, ambao msimamizi mwenyewe anasema umeoza? Nitajie huyo mtu nikamuuzie maji ya ziwa.

Leta picha ya mti. Kamba za kupandia hujazitaja, kumbe zote umetufunga sisi.

Sato Mkavu
Mh. Na mimi nilishangaa, vibarua 11 wanaingiaje kwenye kirikuu moja.

Kivuli cha Jiwe
Wanaingia. Wawili wanakaa mbele na dereva.

Sato Mkavu
Na chenso?

Mama Dagaa
Hata kama katunga, mzee wa hivyo yupo. Mimi nimekaa na baba wa namna hiyo. Anakaa kimya mpaka siku mti unaanguka, na hata siku hiyo hasemi "niliwaambia".

Nyangumi wa Nchi Kavu
Kama ni chai ni nzuri. Nani ana andazi?

Kichwa Ngumu
Kimya kimetanda. Mwandishi kaenda kutafuta mti mwingine wenye kuni nzuri.

Kivuli cha Jiwe
Sijatunga. Mzee yupo, mkuyu upo, barua hii hapa imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo. Mchoma matofali ndiye sikusema kweli.

Hela katoa mwenye baa. Wateja wake wanaegesha chini ya ule mkuyu. Mkifika asubuhi mtamwelewa: boneti la gari jeupe limepigwa chokaa ya kijani, katikati kuna kichwa cha sato kilichotapikwa na macho bado yamo. Kinyesi kile kikikauka kinatoka na rangi. Wateja wamehamia kwingine. Alinifuata mimi, si mkandarasi, akasema wewe ndiye unayeshika chenso.

Na kabla hamjanirushia mawe, 140,000 nimeshanunua matairi mawili ya kirikuu. Ya kazini, si yangu! Nimeomba matairi tangu kabla ya mvua za masika, naambiwa subiri malipo ya tenda. Vijana wangu wanapanda mlima wa Bugando kwa tairi ninaloweza kulikunja kwa mkono. Hiyo nayo mniambie ni rushwa.

Wakili wa Mtaani
Ni rushwa.

Kichwa Ngumu
Sawa, hapa nimeamini. Kichwa cha sato hakitungwi.

Mzee wa Buhongwa
Kumbe baa. Nilijua tu kuna pombe mahali.

Fundi Chenso
Mkuu, nakuandikia kama mdogo wangu. Zilizobaki rudisha, na zile za matairi ongea naye umlipe kidogokidogo. Kinda la kongoti linakaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo mwenye baa ahamishe maegesho, hata kwa kamba na vigingi tu. Makinda yakisharuka, omba kibali cha kupogoa yale matawi yanayoelekea kwenye magari. Ya upande wa waya usiyaguse mpaka watu wa umeme wazime, na usikubali kuambiwa "wamezima" kwa simu. Tawi zito anza kulikata kwa chini, theluthi hivi, ndipo uje juu mbele kidogo ya hapo, la sivyo litachana na kuvua gome mpaka shinani. Na kwenye shina linalovuma hupandi kabisa, unaleta winchi au gari la kikapu.

Uozo mwandikie mkandarasi leo, kwa maandishi, baki na nakala. Ukianguka wenyewe juu ya hayo magari, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyekuwa unajua.

Sasa jibu moja la mwisho. Umesema Jumamosi. Kama mzee amegoma, Jumamosi nani anapanda?

Kivuli cha Jiwe
Kuna kijana kakubali. Ana miaka 19, mwepesi, mikorosho kwao amepanda sana.

Fundi Chenso
Mkorosho unapandwa na mbuzi. Atafungwa kamba na nani?

Kivuli cha Jiwe
Hapo ndipo nilipokwama toka asubuhi. Kamba na mkanda wa kupandia ni vya mzee, alinunua mwenyewe. Jana alivikunja, akaviweka kwenye kiroba, akaondoka navyo.

Sato Mkavu
Kamba za katani ninazo, Makoroboi, bei ya kirafiki. Njoo inboksi.