Naombeni ushauri: niahirishe masomo au nikomae hivyo hivyo?

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili. Muhula uliopita nilitoka na GPA (wastani wa alama) ya 1.8, na chuoni kwetu ukishuka chini ya 2.0 unawekwa kwenye uangalizi. Ukishindwa kujinasua muhula unaofuata, umedisko, yaani unaondolewa chuoni.

Sasa muhula huu nao umeanza na mkosi. Nimelazwa wiki mbili, majaribio mawili yamenipita, na daftari langu la maabara lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Wa tarehe!

Fomu ya kuahirisha ninayo mezani. Sehemu ya "sababu" ina mistari miwili, sijui niandike nini pakatosha. Barua ya daktari ipo. Ninachoelewa ni kwamba ruhusa ikipita kabla ya mitihani, muhula hauhesabiwi. Ila uangalizi haufutiki, unakusubiri ukirudi. Kuondoka kimya kimya sithubutu. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo akakuta F masomo yote.

Kinachonitisha zaidi ni ufadhili. Ukikatika nikiwa nyumbani, ada ya kurudi nitaitoa wapi? Mzee anasema "kaza tu", lakini yeye hajaona ratiba yangu.

Waliowahi kuahirisha kwa ugonjwa: mlianzia kwa mshauri wa taaluma au moja kwa moja kwa msajili? Na wafadhili mliwaandikia kabla au baada ya kupata kibali? Dirisha la kuomba kuahirisha linafungwa Ijumaa.