Kuunganisha ofisi zenye laini tofauti: MPLS, 4G na setilaiti

Swali
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ofisi yetu kuu iko Dar es Salaam, yenye faibari ya MPLS (mtandao wa mtoa huduma unaounganisha ofisi bila kupitia intaneti ya wazi) pamoja na laini ya kawaida ya intaneti. Tawi la Kigoma linatumia ruta ya 4G na tawi la Mafia lina dishi la setilaiti. Nimeambiwa kuwa haziwezi kuonana mpaka zote ziwe na laini ya aina moja. Je, ni kweli? Nimejaribu VPN ya IPsec (njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti) na Kigoma: inakubali kuanzishwa kutoka Kigoma tu, na ingawa ping (ujumbe mdogo wa majaribio) inapita, mafaili makubwa hukwama njiani.

Jibu la kwanza
Si kweli, ndugu yangu. Kila laini huishia kwenye mlango wake wa ruta. Ruta huvua bahasha ya laini hiyo, ikabaki na pakiti ya IP (kipande cha data chenye anwani ya kinakokwenda), kisha ikaivika bahasha ya laini inayofuata. Kinachotakiwa ni anwani za ndani zisizogongana, na kila ruta kujua njia ya kufikia mitandao ya wenzake.

Kigoma ndiyo inayoanzisha kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo wa nje hana pa kubisha hodi. Acha Kigoma ianzishe, na uiwekee ujumbe wa mara kwa mara ili njia isifungwe.

Mafaili yanakwama, nadhani, kwa sababu ya ukubwa wa pakiti. Pakiti ya baiti 1500 ikiongezewa vichwa vya IPsec huzidi kipimo cha laini; ruta hutuma taarifa ya ICMP (ujumbe wa hitilafu za mtandao) kumwambia mtumaji apunguze, lakini ngome (firewall) nyingi huizuia taarifa hiyo, naye huendelea kutuma pakiti zisizofika. Ping ni ndogo, ndiyo maana inapita. Weka kikomo cha MSS (kiasi kikubwa kabisa cha data ndani ya pakiti moja) cha baiti 1360 kwenye ruta, kisha ujaribu tena.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu Mafia. Ikiwa setilaiti yenu ni ile inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde kwa safari peke yake. Programu ya uhasibu inayouliza hifadhidata maswali 200, moja baada ya jingine, itamsubirisha karani zaidi ya dakika moja na nusu, hata mkinunua kasi kubwa kiasi gani. Isitoshe, modemu za setilaiti huharakisha TCP (utaratibu wa kutuma data ambapo mpokeaji huthibitisha kilichofika) kwa kujibu kwa niaba ya upande wa pili, na IPsec huificha TCP hiyo zisiione. Ningeiendesha programu hiyo Dar es Salaam, Mafia wapokee picha ya skrini tu.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Nimeweka 1360 pande zote mbili, na faili lililokuwa likikwama limefika Kigoma lote. Mafia nitaijaribu kwa njia ya skrini.